Viboko wa Escobar: uzazi wa mpango uliochelewa miaka thelathini

Ngoja nianze na hesabu, maana kisa chote kimelala humo. Chukua viboko 4, waongeze asilimia 10 kila mwaka, usiue hata mmoja wala usihamishe, halafu subiri miaka 40. Unapata 181. Sasa twende Kolombia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Pablo Escobar, yule tajiri wa kokeini, aliingiza viboko wanne, dume mmoja na majike watatu, kwa ajili ya bustani yake binafsi ya wanyama kwenye shamba lake la Hacienda Nápoles, na sensa iliyofanywa 2022 na Taasisi ya Humboldt pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha kule ikasema wamefika kati ya 181 na 215. Yaani kalamu na mto vimekutana karibu palepale.

Nakileta hiki kisa kwa sababu kila mjadala wa kupunguza wanyama wasumbufu bila kuwaua unaishia kwenye kelele za pande mbili. Kuna wanaosema kuzuia uzazi ni upuuzi wa wapenda wanyama, piga risasi mambo yaishe, na kuna wanaosema risasi ni ukatili, choma sindano mambo yaishe. Viboko wa Kolombia wameshapitia yote, risasi na kisu na sindano, na ukifuatilia mwaka kwa mwaka unaona kilichowaponza si njia yenyewe bali ni lini walianza na waliwafikia wanyama wangapi.

Hacienda Nápoles iko Puerto Triunfo, jimbo la Antioquia, kwenye bonde la mto Magdalena, kandokando ya barabara kuu ya Medellín na Bogotá. Escobar alikuwa na twiga, tembo, pundamilia, kila kitu. Alipouawa tarehe 2 Desemba 1993 serikali ikachukua shamba, na wanyama wengi wakasambazwa kwenye bustani za wanyama. Viboko wakaachwa. Na unaelewa kwanini, kiboko mzima ana uzito wa tani moja na nusu kwenda hadi tatu, mkali, haingii kwenye lori kwa kubembelezwa, na wakati ule nchi ilikuwa na mambo mazito zaidi ya kufikiria kuliko wanyama kwenye bwawa. Kwahiyo wakabaki bwawani, na bwawa halikuwa mbali na mto.

Sasa hapa kuna jambo la kulielewa vizuri kuhusu huyu mnyama. Kiboko kwao Afrika anabanwa na kiangazi. Maji yakipungua wanarundikana kwenye vidimbwi vilivyobaki, madume wanapigana mpaka kuuana, ndama wanakanyagwa au wanakosa maziwa, majani yanakwisha na jike aliyekonda hashiki mimba. Ukame ndo uzazi wa mpango wa kiboko, ni mkali lakini unafanya kazi. Magdalena hakuna hiyo habari. Maji yapo mwaka mzima, majani yapo mwaka mzima, simba hakuna, fisi hakuna. Jike anabeba mimba miezi 8 tu, na watafiti waliowafuatilia kule wameona majike wanaanza kuzaa wakiwa wadogo kuliko wenzao wa Afrika na wanapumzika muda mfupi kati ya ndama na ndama. Kwahiyo ile breki ya asili imeondolewa, na mtu akiondoa breki ya asili halafu hataki risasi, inabidi aweke breki nyingine kwa mkono wake. Hakuna namna ya tatu.

Na ile breki ya mkono ingewekwa lini? Miaka ya mwanzo kabisa dume alikuwa mmoja. Mmoja! Operesheni moja, ya hatari ndiyo, ngumu ndiyo, lakini moja, na leo tusingekuwa na cha kuandika. Hata 1993 au 1995, wakiwa bado wachache na wote wako palepale shambani, timu ya madaktari wa wanyama ingeweza kuwapitia madume wote ndani ya msimu mmoja. Kufika 2007 walikuwa kama 16 hivi. Bado wanahesabika kwa vidole vya mikono na miguu. Ikapita.

2009 ndo kisa kikaingia kwenye magazeti. Dume mmoja aliyetoroka shambani na jike na ndama, watu wakampa jina Pepe, akawa anasumbua huko alikohamia, mamlaka zikatoa kibali auawe, akapigwa risasi. Halafu ikasambaa picha ya wanajeshi wamesimama kuzunguka mzoga kama watu waliotoka kuwinda. Nchi ikachafuka. Watu wakaandamana, mawakili wakaenda mahakamani, jaji akasimamisha uwindaji, na jike na ndama wake wakapona. Mimi sitaki kuwalaumu waliokasirika, ile picha ilikuwa mbaya na hasira yao ilikuwa ya kweli. Ila ukiangalia kilichofuata unaumia, kwa sababu mlango wa risasi ulipofungwa, hakuna aliyesimama kuuliza haya sasa mlango wa uzazi wa mpango tunaufungua kwa pesa gani, kwa watu wangapi, kwa kasi gani. Kazi ikaangukia kwa Cornare, mamlaka ya mazingira ya mkoa, ofisi yenye misitu na mito na uchafuzi na kila kitu kingine cha kushughulikia, na sasa imeongezewa viboko.

Wakaanza kuhasi. Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mtu akisema "si wawahasi tu" huwa anawaza ng'ombe au mbwa, na kiboko si hao.

Kwanza kumkamata. Mchana yuko majini, hutamgusa. Usiku anatoka kula majani, kwahiyo unamtengenezea zizi la vyuma imara, unaweka chakula ndani, unamzoesha aingie na kutoka siku nyingi mpaka akaone ni pa kawaida, ndo siku moja unafunga mlango. Ukimpiga mshale wa dawa ya usingizi nje ya zizi, akishtuka anakimbilia majini kwa sababu kwa kiboko maji ndo usalama, na dawa ikimkolea akiwa majini anazama na kufa. Sindano yenyewe lazima iwe ndefu ya kupita ngozi, ngozi ya kiboko sehemu nyingine inafika sentimita 5, na ukikosea kina dawa inabaki kwenye mafuta haifiki kwenye nyama, unasubiri alale halali, unaongeza, halafu zote zinaingia kwa pamoja. Dawa ikiwa kidogo anaamka mezani, ikizidi anaacha kupumua. Wenyewe wa Cornare wameshasema wazi kwamba hatari ni kwa mnyama na kwa wanaomhudumia, anaweza kupata mzio wa dawa, anaweza kufa.

Halafu ukishamlaza, korodani ziko wapi? Kiboko hana mfuko wa korodani unaoning'inia nje. Ziko ndani, kwenye mfereji wa kinena, na kila dume zimekaa sehemu yake tofauti, na kibaya zaidi zinatembea. Madaktari walioandika kuhusu operesheni hizi wameeleza kwamba korodani zinaweza kuvutwa ndani hadi sentimita 40 kutoka pale ulipotegemea, hata wakati umeshaanza kukata. Kwahiyo unazisaka kwa ultrasaundi, unachana ngozi nene kama tairi, unaingiza mkono, unaishika, inakuteleza, unaanza upya, na muda wote huo kuna mtu anahesabu pumzi na wengine wanamwagia maji mwilini maana ngozi ya kiboko ikikauka inapasuka. Masaa yanakwenda. Ukimaliza unashona, unamrudisha, naye anaenda moja kwa moja kulala kwenye maji yaliyojaa mavi na kidonda kibichi. Kinachookoa ni kwamba kiboko anapona vizuri, lile jasho lake jekundu lina kemikali zinazozuia bakteria, lakini hakuna daktari anayelala usingizi mzuri usiku ule. Na hilo ni dume. Kwa jike inabidi ufungue tumbo.

Kufika Oktoba 2021 Cornare walikuwa wamefunga uzazi wa viboko 11 kwa upasuaji. Wakati huo wanyama wenyewe walikadiriwa kupita 80, ingawa ile sensa ya mwaka uliofuata ilionyesha walikuwa wengi zaidi ya hapo. Nawaheshimu sana waliofanya hiyo kazi, sidhani kama kuna timu nyingi duniani zenye ujuzi wao, lakini kundi linaloongezeka kwa asilimia 10 linaleta ndama wapya kwa mwaka mmoja karibu sawa na wote waliofungwa uzazi kwa miaka yote ya kazi.

Na kuna kosa la hesabu ndani ya kosa la kasi. Wengi wa waliohasiwa mwanzoni ni madume, kwa sababu ndo wanaowezekana. Kiboko dume anatawala kipande cha mto na majike wake. Ukimhasi yule mmoja umeziba tundu moja, lakini pembeni kuna madume vijana wanaosubiri nafasi, na jike akiwa kwenye joto mmoja wao atapata mwanya. Kuhasi madume kunazuia ndama pale tu unapowapata karibu wote, ukibakiza wawili watatu wazima kundi zima linaendelea kuzaa kama kawaida. Wanaozaa ni majike. Kila jike unayemfikia ni ndama wake wote wa maisha ambao hawatakuja, na kila jike unayemkosa ni wote wanakuja.

Sasa ndo ikaja sindano. Marekani, kupitia idara ya Wizara yao ya Kilimo inayoshughulika na afya ya wanyama, ikaitolea Kolombia msaada wa chanjo inayoitwa GonaCon. Inafanyaje kazi? Kwenye ubongo wa mnyama kuna homoni moja ndogo, kwa kifupi GnRH, ambayo ndo inabonyeza swichi ya kwanza kabisa ya uzazi: inaiambia tezi ya pituitari itoe homoni nyingine mbili, na hizo mbili ndo zinaamsha ovari kwa jike na korodani kwa dume. Chanjo inaufundisha mwili wa mnyama kutengeneza kingamwili dhidi ya hiyo homoni yake mwenyewe. Swichi inakuwa haibonyezwi. Yai halikomai, mbegu hazitengenezwi, hamu yenyewe ya kupanda au kupandwa inapoa. Hii chanjo ilisajiliwa Marekani 2009 kwa kulungu majike, na 2013 kwa farasi mwitu na punda mwitu, kwahiyo haikuwa kitu cha kubahatisha kabisa, ingawa kiboko alikuwa mgeni kwake.

Faida yake kubwa kwa viboko ni jambo ambalo mtu asiyewajua hawezi kuliwaza. Ukimwangalia kiboko majini au usiku kwenye majani huwezi kujua kirahisi huyu ni dume au jike. Kila kitu kiko ndani. Mpaka umlaze umpapase. Kwahiyo chanjo ya jike peke yake ingekuwa kamari, lakini GnRH ipo kwa wote wawili, unapiga mshale bila kuuliza na unajua umefanya kazi, hata kama nusu ya mishale imeenda kwa madume ambao faida yao ni ndogo. Pili hakuna kulaza, hakuna kisu, mshale kutoka mbali na mnyama anaondoka zake. Tatu ni protini, ikiliwa inameng'enywa kama nyama nyingine, na kwenye mto ambao watu wanavua samaki hilo si jambo dogo.

Nikumbushe hapa mfano wa tembo wa Kruger, Afrika Kusini. Kule miaka ya 1990 walijaribu kuwawekea tembo majike vipandikizi vya homoni yenyewe, estrojeni, mimba kweli zikazuilika, lakini majike wakakaa kwenye joto muda wote na madume wakawa wanawafukuza na kuwasumbua bila kupumzika, familia zikavurugika, jaribio likasimamishwa. Mtu akisema njia fulani ni ya huruma kwa sababu haimwagi damu, namuomba aukumbuke huo mfano, unaweza kumtesa mnyama vizuri kabisa bila tone la damu.

Oktoba 2021 Cornare wakatangaza wameshawachoma GonaCon viboko 24. Kwa muda mfupi, mara mbili ya walichopata kwa kisu kwa miaka yote iliyotangulia. Ukiisoma hiyo habari peke yake unasema hapa sasa wamepata.

Lakini chanjo si kufunga kizazi moja kwa moja. Kingamwili zinapungua, inabidi urudie dozi, na kwa wanyama wengine tunajua ile dozi ya kurudia ndo inayoshikilia kwa miaka. Sasa unarudia vipi kwa mnyama ambaye hujui ni yupi? Hawana hereni, hawana majina, usiku wote wanafanana, mchana unaona pua na masikio. Hivi yule niliyemchoma mwezi wa kumi ni huyu aliyeko mbele yangu, au huyu ni ndugu yake ambaye hajawahi kuguswa? Bila kuwatambua mmoja mmoja unaweza kumchoma mmoja mara nne na mwingine asichomwe kabisa, na hautajua mpaka uone ndama.

Hapa ndo naona tofauti kati ya Kolombia na sehemu ambazo mambo yamekwenda vizuri. Kisiwa cha Assateague, pwani ya Marekani upande wa Maryland, kina farasi mwitu waliokuwa wanamaliza majani ya kwenye vilima vya mchanga. Kuanzia 1994 walisimamiwa kwa chanjo nyingine, PZP, inayotoka kwenye utando wa mayai ya nguruwe na inazuia mbegu isiingie kwenye yai. Walifika kama 175 na wakashuka taratibu hadi chini ya 100, bila kukusanywa wala kuuawa. Kwenye hifadhi ya Makalali, Afrika Kusini, mwaka 2000 walianza kuwachoma PZP tembo majike 18, na uzazi kwa waliochomwa ukasimama kweli. Sehemu zote mbili kila mnyama alikuwa anajulikana kwa sura, farasi kwa mabaka yake na tembo kwa masikio yake, kuna daftari, leo fulani kachomwa, mwakani tarehe fulani anarudiwa. Ile chanjo ina sifa zake, lakini naona daftari ndo lililobeba kazi.

Na Assateague inatufundisha kitu kingine ambacho watu hawapendi kukisikia. Majike waliochomwa waliishi muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu kutobeba mimba kila mwaka kunanenepesha mwili. Ni jambo jema kwa yule farasi. Lakini idadi inashuka polepole mno, ilichukua miaka na miaka. Kiboko anaishi miaka 40, 50. Tuseme leo hii kwa muujiza majike wote wa Magdalena wamefungwa kizazi, hawa waliopo watakuwepo miaka ya 2050, wengine 2060, na kila usiku kila mmoja anakula kama kilo 40 za majani na kila mchana anayashusha kama mavi kwenye maji. Watafiti waliopima maziwa ya kule wakachapisha 2020 waliona yale yenye viboko yana virutubisho vingi zaidi na bakteria wa kijani-buluu wengi zaidi kuliko yasiyo nao. Maji ya namna hiyo yanakosa hewa, samaki wanapata shida. Nguva wa mto Magdalena, fisi maji, kasa, hao nao wana haki ya kuhurumiwa na hawana mtu wa kuwapa jina kama Pepe. Na watu pia: kuna mkulima alijeruhiwa vibaya 2020, na Aprili 2023 gari liligonga kiboko kwenye ile barabara ya Bogotá na Medellín, kiboko akafa.

Kwahiyo inawezekana au haiwezekani? Hebu tukadirie wenyewe, hesabu yangu ya mkono. Chukua viboko 180. Nusu majike, 90. Tuseme nusu ya hao ndo wamefikia kuzaa, 45. Wakizaa kila baada ya miaka miwili ni ndama 22 kwa mwaka, toa wanaokufa kama wanne watano, unabaki na ile asilimia 10. Ili kundi lisimame tu, lisiongezeke, inabidi vifo na vizazi vilingane, maana yake kati ya majike 45 kama 35 wasizae. Na kila mwaka wasichana wengine wanane, kumi wanafikia umri. Novemba 2023 serikali ilipotangaza mpango wake mpya, Waziri wa Mazingira Susana Muhamad alitaja njia tatu kwa pamoja: kufunga uzazi, kuhamishia nchi nyingine, na kuua baadhi. Lengo la kufunga uzazi likawa viboko 40 kwa mwaka. Nusu yao wakiwa majike ni 20, toa wale kumi wanaokua, unasonga mbele kumi kwa mwaka. Ni miaka mitatu minne ya kupiga kazi bila kukosa, ndo kundi linasimama. Kwa hiyo lengo la 40 halikuwa la ndotoni, lilikuwa linakaribia kabisa palipotakiwa.

Gharama ilitajwa kama dola 9,800 kwa mnyama. Mara 40 ni dola 392,000 kwa mwaka. Linganisha na ule mpango wa kupeleka viboko 70 India na Meksiko uliotajwa mapema mwaka huohuo kwa dola milioni 3.5, yaani elfu 50 kwa kila mmoja, na ukihamisha 70 kutoka kwenye kundi la 180 waliobaki wanairudisha idadi kwa kama miaka mitano tu. Mimi kuhamisha siku zote naona ni njia inayofurahisha kamera, ingawa sipingi kama kuna bustani yenye nafasi nzuri na inalipa.

Kuhusu kuua nitasema ninachoamini. Wanasayansi waliotoa makadirio 2021 walisema inabidi kuondoa kama 30 kila mwaka, na wakatukanwa, wengine wakatishiwa. Mahakama moja huko Bogotá Septemba 2024 ikaiamuru wizara itoe kanuni za kuwadhibiti na kuwamaliza. Tayari Machi 2022 nchi ilishawaweka rasmi kwenye orodha ya viumbe vamizi. Mimi sifurahii kiboko kupigwa risasi, ni mnyama asiyeomba kupelekwa kule. Lakini ndama waliozaliwa baada ya 2009, wale mia na zaidi, ndo haohao leo wanajadiliwa nani auawe. Kama pesa ya upasuaji ingetoka mwaka uleule ambao risasi ilikatazwa, na majike wakapewa kipaumbele, orodha ya kuuawa leo ingekuwa fupi sana au isingekuwepo. Kuchelewa kule ndo kumewaua hao, mapema kabla ya bunduki.

Novemba 2023 awamu mpya ya upasuaji ikaanza, na wa kwanza kutangazwa walikuwa madume wawili na jike mmoja. Nikasoma nikatamani ingekuwa kinyume chake.

Sasa kama ningekuwa na sauti kwenye kile chumba wanapopanga ratiba, ningewaambia waache kidogo lile kundi kubwa la pale Nápoles. Waangalie chini ya mto. Viboko wameshaonekana zaidi ya kilomita 100 kutoka shambani, vikundi vidogo, dume aliyefukuzwa na jike wawili waliomfuata, wamekaa kwenye kisiwa au ziwa la pembeni ambako wavuvi wawili watatu tu ndo wanawajua. Wanahesabika. Unaweza kuwapiga picha za kovu na masikio ukawapa namba, ukawarudia kwa dozi ya pili na ukajua ni wenyewe. Kikundi cha viboko watatu, kwa ileile asilimia 10, baada ya miaka 40 ni 135, na kitakuwa na mto wake chenyewe. Zizi moja la vyuma, timu moja, msimu mmoja wa mvua chache, kabla ndama wa kwanza wa kiume hajakua, dume akiwa bado ni mmoja.